Walt Disney: bwana wa Mickey aliyejenga reli katika bustani ya nyumba yake

Kapata ni site ya wafanyakazi wa migodi, pembeni ya mji wa Kolwezi. Kwa wakaaji wa pale, treni si kitu cha mchezo. Treni ni kazi, ni shaba inayoondoka, ni safari ndefu ya kwenda Likasi na Lubumbashi. Mchezo ni wa watoto, wanaounda malori yao kwa waya, mifuniko ya chupa na vipande vya mpira, kisha wakayasukuma vumbini kwa fimbo ndefu. Mtu mzima akionekana amechuchumaa na waya mikononi, majirani wataulizana kama yuko mzima kichwani.

Walt Disney, Mmarekani anayejulikana dunia nzima kwa sababu ya panya Mickey, alionekana hivyo akiwa karibu kufika miaka 50. Alikuwa na kompani, wafanyakazi mamia, jina na zawadi za sinema. Jioni alivaa nguo za fundi, akashika tupa na nyundo, akaunda treni ya kukimbia katika bustani yake mwenyewe. Wengi walidhani ni kichaa cha tajiri. Maisha yake yakifuatwa tangu utoto, inaonekana kwamba alikuwa akijitafutia dawa.

Walter Elias Disney alizaliwa Chicago tarehe 5 Desemba 1901. Baba yake, Elias, alikuwa seremala na mkulima, mtu mkali ambaye kila biashara aliyoigusa ilimshinda. Katika ujana wake Elias alifanya kazi ya kujenga reli huko magharibi ya Marekani. Mwaka 1906 familia ilihamia Marceline, mji mdogo wa jimbo la Missouri. Marceline ulikuwa mtoto wa reli, kama vile Tenke inavyojulikana leo kwa njia panda yake: kompani ya reli ya Santa Fe ndiyo iliyouweka mji pale, na treni zake zilipita mchana na usiku. Mjomba wa Walt, Mike Martin, alikuwa dereva wa lokomotivi kwenye njia hiyo. Watoto wa Disney waliweka sikio juu ya chuma ili kusikia kama treni ya mjomba inakaribia, na alipowapita aliwapungia mkono.

Miaka ile haikuzidi minne au mitano, lakini Walt hakuisahau hata siku moja. Shamba liliuzwa, na mwaka 1911 familia ikaenda Kansas City. Huko Elias alinunua njia ya kugawa magazeti, na kazi yenyewe ikawa ya watoto. Walt aliamka usiku wa manane, saa tisa na nusu, akatembea ndani ya theluji mlango kwa mlango kabla ya kwenda shule, bila mshahara, kwa sababu baba alisema chakula na nguo ndiyo malipo. Akiwa mtu mzima bado aliota usiku kwamba ameruka nyumba moja bila kuiachia gazeti.

Alipofika miaka 15 akapata kazi ya likizo ndani ya treni: kuuza magazeti, matunda, pipi na tumbaku kwa abiria. Kama biashara, ilikuwa hasara tupu. Chupa alizotakiwa kurudisha zilipotea, matunda yalioza, na mwisho wa likizo alikuwa na deni. Lakini alijifunza kwamba ukimpa dereva na fundi wa moto tumbaku kidogo, wanakuruhusu kupanda nao mbele, karibu na makaa. Hilo tu ndilo alilobaki nalo kutoka kazi ile, na kwake lilitosha.

Miaka iliyofuata inajulikana zaidi, inaweza kupitiwa kwa haraka. Mwishoni mwa 1918 alikwenda Ufaransa kuendesha magari ya Msalaba Mwekundu, vita ikiwa imekwisha. Aliporudi akawa mchoraji Kansas City, akaanzisha kompani ndogo ya filamu za michoro, ikafilisika. Mwaka 1923 akapanda treni kwenda California, mfukoni akiwa na dola 40 hivi, akaanza tena pamoja na kaka yake Roy. Mwaka 1925 alimwoa Lillian Bounds, msichana aliyefanya kazi katika studio yao.

Halafu 1928. Walt alikwenda New York kuomba bei nzuri zaidi kwa ajili ya filamu za sungura wake Oswald, akagundua kwamba sungura huyo si wake kisheria na kwamba wachoraji wake karibu wote wamekwisha kununuliwa na bwana mwingine. Kwa maelezo yake mwenyewe, ni ndani ya treni ya kurudi California ndipo wazo la panya lilipomjia. Mickey alionekana katika sinema mwezi wa Novemba mwaka ule. Ni mwaka uleule ambao mfalme Albert wa Ubelgiji alikuja Kongo kuzindua reli ya kutoka Bukama mpaka mto Kasai, mahali panapoitwa leo Ilebo. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1931, njia nyingine ilikamilika, ile ya kutoka Tenke mpaka Dilolo na kuendelea mpaka bahari kule Lobito. Hiyo ndiyo njia inayopita Kolwezi.

Mafanikio yalikuja haraka, na pamoja nayo jambo ambalo mashabiki wengi hawalijui: Walt Disney aliacha kuchora. Tangu katikati ya miaka ya 1920 michoro ilifanywa na wengine, waliomzidi. Yeye alikuwa mtu wa kusimulia hadithi, kuamua, kusahihisha, kugombana juu ya pesa. Filamu ya Snow White, ya Desemba 1937, ilileta pesa nyingi. Kwa sehemu ya pesa hizo yeye na Roy waliwanunulia wazazi nyumba. Mtambo wa kupasha joto nyumba hiyo ulikuwa na kasoro, na mnamo Novemba 1938 mama yao, Flora, alikufa kwa gesi yenye sumu. Walt hakupenda jambo hilo litajwe mbele yake. Mwana ananunulia mama nyumba kwa furaha, na nyumba ndiyo inayomuua: si rahisi kupata neno la kusema.

Baadaye kukawa na ugomvi wa kazi. Mwezi wa Mei 1941 wachoraji wake waligoma, wakidai mishahara ya haki na sendika yao itambuliwe. Walt aliona kama watoto wake wamemgeuka. Aliwafukuza waliokuwa mbele, na mwaka 1947 alikwenda mbele ya kamati ya bunge kule Washington akataja kwa majina watu aliodai ni wakomunisti. Ni doa ambalo halikufutika. Wakaaji wa Katanga wanao mgomo wao wa 1941: mwezi wa Desemba wa mwaka uleule wafanyakazi wa Union Minière waliacha kazi kwa ajili ya mshahara, na tarehe 9 askari waliwapiga risasi uwanjani Lubumbashi. Kule California hakuna aliyekufa. Lakini studio haikurudi kuwa ile ya zamani, na bwana wake pia hakurudi.

Baada ya vita kompani ilikuwa na madeni kwa banki, filamu ndefu zilikuwa zimesimama, na Walt alikuwa na shingo inayouma, usingizi mdogo na hasira ya karibu. Noeli ya 1947 alinunua treni ndogo ya umeme, ya kuchezea, akaiweka katika chumba karibu na ofisi yake. Studio ilikuwa na muuguzi, Hazel George, ambaye kila jioni alimkanda shingo na kumsikiliza. Huyo ndiye aliyemshauri aende kupumzika Chicago, ambako mwaka 1948 palikuwa na maonyesho makubwa ya miaka 100 ya reli. Walt alisafiri pamoja na mchoraji wake Ward Kimball, mtu ambaye nyumbani kwake alikuwa na lokomotivi ya kweli, ya ukubwa kamili. Huko Chicago waliruhusiwa kupanda na kuendesha mashine za zamani. Walt alirudi akiwa mtu mwingine.

Mchoraji mwingine, Ollie Johnston, alikuwa akijenga reli ndogo ya mvuke nyuma ya nyumba. Walt alikwenda kuitazama mara kwa mara, akauliza maswali, kisha akaamua kuwa na yake. Alimwendea Roger Broggie, mkubwa wa atelie ya mashine katika studio, akaomba kufundishwa. Hapo kukawa na mambo ya kupindua dunia: mchana Walt ndiye bwana wa Broggie, jioni Broggie ndiye bwana wa Walt. Alijifunza kukereza chuma, kukata bati, kulehemu, na kuchonga mbao. Wafanyakazi waliomwogopa katika mikutano walimwona sasa amevaa miwani ya fundi, anasubiri zamu yake kwenye mashine kama mwanafunzi yeyote. Behewa la mwisho la treni, lile la wafanyakazi, alilijenga kwa mikono yake mwenyewe pamoja na vitanda, meza na jiko dogo la chuma ndani yake, vitu ambavyo abiria hawezi hata kuviona bila kuinama.

Lokomotivi ilipimwa kwa sehemu moja ya nane ya mashine ya kweli ya karne ya 19, namba 173 ya kompani ya Central Pacific. Upana kati ya chuma na chuma ulikuwa sentimita 18 na kidogo. Reli ya Katanga ina milimita 1067. Udogo huo usidanganye mtu. Mashine ilikuwa ya mvuke wa kweli, yenye moto, maji na presha, na ilivuta watu wazima waliokaa juu ya mabehewa. Mafundi wa lokomotivi ndogo za namna hii hupenda kuunda tangi la mvuke kwa shaba, kwa sababu shaba hupitisha joto upesi, haipati kutu kama chuma, na inaunganishwa vizuri kwa moto. Pengine ni matumizi ambayo mchimbaji wa Kolwezi hajawahi kuyafikiria.

Walt aliita lokomotivi Lilly Belle, kwa jina la mke wake. Ilikimbia kwa mvuke mara ya kwanza ndani ya studio, mkesha wa Noeli ya 1949.

Jina hilo halikuwa la bure, maana Lillian alihitaji kubembelezwa. Walikuwa wamenunua kiwanja cha mteremko huko Holmby Hills, Los Angeles, barabara ya Carolwood, na kabla nyumba haijasimama Walt alikuwa amekwisha kuchora mahali pa kupitisha reli. Chuma kilikata katikati ya sehemu ambayo Lillian aliitaka kwa ajili ya maua yake. Walt aliandikisha mkataba, wenye lugha nzito ya wanasheria, ambao mke na mabinti wawili, Diane na Sharon, walitia sahihi wakikubali reli ipite. Ulikuwa mzaha wa familia, lakini ndani ya mzaha palikuwa na ukweli: nyumba ilikuwa na watu wanne, na mmoja wao alitaka karibu bustani yote.

Jibu lilikuwa kwenda chini ya maua. Walt alichimbisha tunnel ya mita 27, ikafunikwa kwa udongo, na juu yake Lillian akapanda alichotaka. Fundi mmoja alimwonyesha kwamba tunnel iliyonyooka ingekuwa rahisi zaidi. Walt akajibu kwamba kwa hesabu hiyo, iliyo rahisi kuliko zote ni kutojenga kabisa, na tunnel ikapindwa mara mbili kama herufi S. Sababu yake ni ya mtu wa sinema. Katika tunnel iliyonyooka abiria anaona mwanga wa kutokea tangu anapoingia, na hofu inakwisha kabla haijaanza. Katika ile ya S kuna kipande cha giza kamili, na mtu hajui atatokea wapi. Inasemekana alimwomba karani wake asimwambie kabisa bei ya kazi ile.

Kazi ya ardhi ilikuwa kubwa kuliko ya mashine. Anayetaka reli ndogo katika bustani ya mteremko hawezi kuilaza tu juu ya majani. Gurudumu la chuma juu ya chuma halishiki kama mpira juu ya barabara. Mlima ukizidi kidogo tu, lokomotivi inateleza mahali pamoja. Hivyo ni ardhi inayopaswa kuifuata reli. Penye bonde Walt aliinua tuta au daraja la nguzo za mbao, penye kilima alikata, na kona alizipanua kadiri kiwanja kilivyoruhusu. Njia yote ilifika karibu mita 800, ikijizungusha na kujivuka yenyewe, hata abiria angeweza kupita mara kadhaa bila kurudia safari ileile. Bonde dogo aliliita Yensid, yaani Disney likisomwa kinyumenyume. Penye kona moja alisimamisha kibanda cha mbao kilichofanana na ghala la shamba la Marceline. Ndani yake alikuwa na vyombo vyake vya kazi pamoja na vitufe vya kubadilisha njia za treni. Huko alikaa peke yake saa nyingi.

Reli ilianza kutumika mnamo Mei 1950. Jumapili wageni walikuja, wachezaji wa sinema, majirani, watoto wa shule ya Diane na Sharon, hata mchoraji Salvador Dalí. Walt alikaa nyuma ya lokomotivi na kofia ya dereva, na wote waliomjua wanakubaliana kwamba pale hakuwa akiigiza. Jambo moja la kutazama: miaka hiyohiyo, na hasa 1950, filamu zake zilianza tena kupata pesa, na madeni yakapungua. Si lazima kusema kwamba treni ndiyo iliyofanya hivyo. Lakini mtu aliyekuwa hawezi kulala sasa alilala.

Kule Katanga wakati huo reli ilikuwa ikiachana na makaa: mwaka 1952 umeme uliwekwa kwenye njia kati ya Likasi na Tenke. Walt angesikitika. Alipenda moshi.

Mwaka 1953 mambo yaliharibika. Siku moja ya wageni, mtu aliyekuwa akiendesha aliingia kona kwa kasi. Lokomotivi ilitoka njiani ikalala, bomba la mvuke likavunjika, na msichana wa miaka mitano akachomwa na mvuke. Majeraha hayakuwa makubwa. Kwa Walt yalikuwa makubwa ya kutosha. Hakupeleka mashine itengenezwe ili mambo yaendelee, hakuweka sheria mpya za usalama, wala hakumlaumu mgeni hadharani. Aliizima, akaipeleka studio ikae gizani, na treni ya Carolwood haikubeba watoto tena. Mtu aliyempoteza mama kwa sababu ya mtambo mbovu ndani ya nyumba aliyoinunua mwenyewe hakuhitaji kuambiwa maana ya mvuke kumgusa mtoto wa mwenziwe.

Wakati huo wazo kubwa zaidi lilikuwa limekwisha kuota. Kwa muda mrefu, Jumamosi alizowapeleka mabinti wake kwenye farasi wa kuzunguka katika bustani ya umma ya Griffith Park, alikuwa akikaa kwenye benchi akila karanga na kujiuliza kwa nini hakuna mahali ambapo wazazi na watoto wanaweza kucheza pamoja. Roy, mtu wa hesabu, hakutaka kusikia. Walt alikopa pesa kwa dhamana ya bima ya maisha yake, akauza nyumba yake ya mapumziko, na mwisho kompani ya televisheni ABC ikakubali kuweka pesa. Walinunua shamba la michungwa huko Anaheim, na tarehe 17 Julai 1955 Disneyland ikafunguliwa. Siku ya kwanza ilikuwa aibu: joto kali, tiketi za uongo nyingi, maji ya kunywa hayatoshi, lami laini inayonasa viatu vya wanawake. Baada ya wiki chache watu walikuwa wamesahau.

Aliyejua historia ya Carolwood aliitambua bustani hiyo mara moja. Kuzunguka kiwanja chote kulikuwa na tuta la udongo, na juu ya tuta palikuwa na reli, mashine za mvuke zilizochorwa kwa kuikuza Lilly Belle ile iliyolala gizani. Upana wa reli hiyo ni milimita 914, kidogo tu chini ya ule wa Katanga. Tuta liliinua treni ili abiria atazame chini kama mtu anayetazama meza ya michezo, na wakati uleule lilimficha aliye ndani asione nguzo za umeme na magari ya nje. Ni kazi mbili kwa udongo mmoja.

Kongo pia ilikuwemo. Katika safari ya mashua kupitia msitu, moja ya mito iliyoigizwa ilikuwa Kongo, na mashua mojawapo iliitwa Malkia wa Kongo. Viboko walikuwa wa mashine na wakaaji walikuwa wanasesere. Mwaka 1955 watu wengi wa Marekani hawakuwa na picha nyingine ya mto huo, na ile ya Anaheim haikuwasaidia.

Ndipo ikaja milima ya theluji. Mwaka 1956 Disneyland ilifungua mfereji wenye vijiji vidogo pembeni, nyumba zinazofika magotini mwa mtu, kimojawapo kikiwa kijiji cha Pinocchio. Miti yake ilikatwa na kulishwa kidogo ili isikue. Treni ya watoto ilipita juu yao. Kiangazi cha 1958 Walt alikuwa Uswisi, kule Zermatt, ambako kompani yake ilipiga filamu ya wapanda mlima. Zermatt iko chini ya mlima Matterhorn, wenye mita 4478, na reli ilifika huko tangu 1891 kwa kutumia meno: penye mteremko mkali gurudumu lenye meno linashika reli ya tatu katikati, na hivyo treni inapanda mahali ambapo chuma kitupu kingeteleza. Inasimuliwa kwamba Walt alituma kadi yenye picha ya Matterhorn kwa wachoraji wake wa California, akiagiza mlima ule ujengwe.

Mahali palikuwepo. Wakati wa kuchimba handaki la maji kuzunguka ngome ya Disneyland, udongo ulirundikwa pembeni ukawa kilima kisicho na kazi. Mkaaji wa Kapata hahitaji kuelezwa. Vilima vya namna hiyo, udongo uliotolewa shimoni na kuachwa, ndivyo vilima anavyoviona kuzunguka Kolwezi. Mahali pa rundo lile mafundi walisimamisha mifupa ya chuma, wakaivika saruji, wakaipaka rangi ya jiwe na theluji. Mlima ulifika mita 45 hivi, yaani sehemu moja ya mia ya ule wa Uswisi. Ili jicho lidanganyike, miti ya chini ilikuwa mirefu na ile ya juu mifupi zaidi na zaidi, hata mtu akitazama kutoka chini alidhani kilele kiko mbali sana. Ni hila ileile ya tunnel ya S: hakuna uongo mkubwa, ila jicho linanyimwa kipimo cha kulinganisha. Matterhorn ilifunguliwa mwezi wa Juni 1959, ndani yake mikokoteni ikishuka mbio juu ya reli za mabomba ya chuma, namna ambayo haikuwa imejengwa kabla ya hapo.

Watoto waliteremka wakipiga kelele, na hapakuwa na mvuke wa kumchoma mtu. Walt alipata nyumba ndogo juu ya kituo cha zimamoto ndani ya Disneyland, na asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, wafanyakazi walimwona akitembea peke yake au akienda kuomba nafasi mbele, kwa dereva wa treni. Hakuhitaji tena kutoa tumbaku.

Sigara aliivuta maisha yote. Mwezi wa Novemba 1966 madaktari walimkuta na kansa ya mapafu, na tarehe 15 Desemba alikufa katika hospitali iliyo ng'ambo ya barabara ya studio yake, siku kumi baada ya kufikisha miaka 65. Zilibaki wiki mbili tu kabla Union Minière kuchukuliwa na serikali ya Kongo, na Jadotville ilikuwa imeanza mwaka ule kuitwa Likasi. Roy, aliyekuwa anataka kustaafu, alibaki kazini mpaka bustani ya pili, ile ya Florida, ilipofunguliwa mwaka 1971. Alikufa miezi miwili na kitu baadaye.

Lillian aliishi Carolwood mpaka 1997. Nyumba iliuzwa, ikabomolewa. Kibanda cha mbao hakikubomolewa: Diane alikiondoa, na tangu 1999 kimesimama Griffith Park, bustani ileile ya benchi na karanga, kando ya reli ndogo za wapenzi wa mvuke. Kinafunguliwa Jumapili moja kila mwezi, na kuingia hakulipiwi. Lilly Belle iko mbali nacho, katika jumba la makumbusho la familia huko San Francisco, imesafishwa vizuri, bila maji wala moto ndani yake.